Barua ya wazi kwa wakurugenzi wa kampuni yetu ya ulinzi: dakika nne za jioni haziwezi kuupima usiku mzima

Kwa Wakurugenzi na Meneja Mkuu,
Kampuni ya ulinzi inayotuajiri,
Tanga.

YAH: KIPIMO CHA UMAKINI WANACHOPEWA WALINZI WA CHUMBA CHA KAMERA

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mlinzi wa zamu ya usiku katika moja ya yadi mnazozilinda hapa Tanga, na kazi yangu kwa mwaka wa sita sasa ni kukaa ndani ya chumba cha kamera kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, nikiangalia vioo viwili vilivyogawanywa picha kumi na sita. Suala ninaloliandika hapa nililisema kwanza kwa mdomo mbele ya msimamizi wa zamu, kisha nikaliandika kwa afisa utumishi mwezi wa nne, na mwezi wa sita sisi walinzi saba tukaliandika tena kwa pamoja na kutia saini. Jibu pekee tulilopata lilikuwa la mdomo, kwamba kipimo ni kipimo na asiyekiweza aende getini. Kampuni sikuitaja kwa jina, kwa kuwa sina nia ya kuichafua mbele ya wateja wake. Mtakaposoma mtajijua, na walinzi wa kwingine wanaopimwa kama sisi nao watajua kwamba hawako peke yao.

Tangu mwezi wa tatu, kila mlinzi wa kamera hupewa kishikwambi robo saa kabla ya kuingia zamu. Katikati ya kioo chake hupita tarakimu moja baada ya nyingine, kuanzia 1 hadi 9 bila mpangilio, na mlinzi anatakiwa aguse kioo kwa kila tarakimu isipokuwa 3. Ikipita 3 akagusa, ni kosa. Ikipita nyingine asiguse, ni kosa vilevile. Baada ya dakika nne na ushei programu hutoa alama kati ya mia, na aliyepata chini ya themanini kwa jioni tatu mfululizo huondolewa kwenye chumba cha kamera na posho ya chumba hicho hukatwa. Hadi ninapoandika, wenzetu watatu wameondolewa kwa njia hiyo.

Naomba ieleweke tangu hapa kwamba sipingi kupimwa, wala silalamiki kwa sababu nimeshindwa. Sijawahi kupata chini ya tisini. Ninalalamika kwa sababu alama hiyo haisemi kile mnachodhani inasema, na hoja zangu ni hizi zifuatazo.

1. Kipimo kinapima mwanzo wa zamu, ilhali hatari iko katikati na mwisho wake.

Usiku mmoja wa mwezi wa tano niliingia zamu nikiwa na alama 96. Picha ya kumi na moja kwenye kioo cha kushoto huonyesha uzio wa nyuma, mahali penye mkungu mkubwa na taa moja, na msimu wa kusi matawi ya mkungu ule huyumba usiku kucha huku nondo wakizunguka mbele ya kamera, kiasi kwamba picha hiyo haitulii hata kidogo. Saa tisa kasoro usiku mtu alipenya kwenye uzio, akapita kando ya makontena, akafika kwenye lori lililokuwa limeegeshwa na kuanza kulegeza kamba za turubai. Mlinzi wa doria ndiye aliyemwona akapiga firimbi, na yule mtu akakimbia bila kuchukua kitu. Mimi sikumwona. Asubuhi nilirudisha picha nyuma nikakuta alikuwa mbele yangu, kwenye kioo changu, kwa dakika moja na sekunde ishirini.

Sikuwa nimesinzia. Kamera ya ndani ya chumba inanionyesha nimekaa wima, macho wazi, uso umeelekea kwenye kioo. Nimeitazama picha hiyo ya kwangu mwenyewe mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema, nikimtafuta ndani yake mtu mzembe ambaye ningeweza kumlaumu, nami simpati. Ninachokiona ni mtu anayeangalia kwa saa ya tisa mfululizo. Nilijiripoti mwenyewe. Nikaambiwa kwamba kwa kuwa alama yangu ya jioni ilikuwa 96, tukio hilo lihesabiwe kuwa bahati mbaya.

Halikuwa bahati mbaya, na jambo hili limejulikana kwa miaka mingi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Jeshi la Anga la Uingereza lilikuwa na askari waliokaa ndani ya ndege za doria wakiangalia vioo vya rada kutafuta nyambizi za adui, na ilionekana kwamba kadiri lindo lilivyorefuka ndivyo alama ndogo kwenye kioo zilivyozidi kuwapita. Mwanasaikolojia Norman Mackworth, aliyekuwa Cambridge, akatengeneza kifaa kilichofanana na saa ya ukutani isiyo na tarakimu, chenye mshale mmoja mweusi uliosogea hatua moja kila sekunde, hatua 100 kwa mzunguko mmoja. Mara chache, kwa nyakati zisizotabirika, mshale uliruka hatua mbili kwa mpigo, na mtu aliyekalishwa mbele yake alitakiwa kubonyeza kitufe kila auonapo mruko huo. Aliwakalisha kwa saa mbili nzima, kila mmoja peke yake. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1948 yalionyesha kwamba watu walianza vizuri, lakini baada ya nusu saa ya kwanza tu miruko waliyoikosa iliongezeka waziwazi, na haikupungua tena hadi mwisho wa lindo.

Waheshimiwa, hao walikuwa vijana wenye afya, waliokuwa vitani, wakijua kwamba wanachokitafuta ni adui, na bado umakini wao ulianza kupungua baada ya nusu saa. Sisi mnatupima kwa dakika nne, kisha mnatukalisha kwa saa kumi na mbili.

2. Tarakimu 3 hupita kila baada ya muda mfupi. Mwizi hapiti hivyo.

Katika kipimo chenu kitu kinachotafutwa hutokea karibu mara moja katika kila mara tisa. Katika yadi tunaweza kukaa mwezi mzima bila kuona mtu asiyestahili kuwapo. Tofauti hii si ndogo. Mwaka 2005 mtafiti Jeremy Wolfe wa Marekani na wenzake waliwapa watu kazi ya kutafuta kitu fulani ndani ya picha nyingi, na kitu hicho kilipokuwamo katika nusu ya picha, watu walikikosa kwa takriban asilimia 7 tu. Kilipokuwamo katika picha moja kati ya mia, watu walewale walikikosa kwa asilimia 30. Jicho la binadamu likizoea kwamba hamna kitu, hukata shauri mapema kwamba hamna kitu. Kwa hiyo mlinzi anayekamata kila 3 jioni hajathibitisha hata kidogo kwamba atamkamata mtu mmoja atakayepita baada ya siku arobaini za uzio mtupu.

3. Alama inachanganya umakini na mambo yasiyo umakini.

Hapa nina mtu mmoja moyoni, na ndiye aliyenifanya niandike. Mzee wetu wa zamu, ambaye amekaa kwenye kamera miaka tisa na ambaye hakuna tukio hata moja la zamu yake lililopita bila kuandikwa, alipata 74, kisha 71, kisha 76, akapelekwa getini. Nilikaa karibu naye jioni ya tatu. Mzee huyu alikata mkonge ujanani mwake kwa miaka mingi kabla ya kuja mjini, na ngozi ya vidole vyake ni ngumu na kavu kama gome. Nilimwona kwa macho yangu akigusa kioo cha kishikwambi kwa wakati unaotakiwa, na kioo kisisikie. Aligusa tena kwa nguvu zaidi, tarakimu ikawa imekwisha kupita, na ule mguso wa pili ukaangukia kwenye 3. Makosa mawili kwa tarakimu mbili, na yote mawili ni ya ngozi ya kidole. Tulimwambia msimamizi ampe kipimo kile kwa kitufe cha kawaida, akakataa kwa maelezo kwamba wote wapimwe sawa. Kuwapa watu wote kifaa kimoja si kuwapima sawa ikiwa kifaa chenyewe hakiwasikii sawa.

Kipimo kinachofanana sana na chenu kiliandikwa mwaka 1997 na Ian Robertson na wenzake, ambao walitaka kuelewa kupotewa na mawazo, hasa kwa watu walioumia ubongo. Ni kipimo chenye heshima katika kazi yake. Lakini wanaokitumia wanajua jambo ambalo vijana wetu wa zamu walilivumbua ndani ya wiki mbili, nalo ni kwamba anayejizuia kidogo kabla ya kugusa hufanya makosa machache kuliko anayegusa haraka. Sasa hivi wanafundishana hilo kwenye kahawa kabla ya zamu. Alama zimepanda, nanyi mmeambiwa kwamba umakini wa walinzi umepanda.

4. Usingizi hauulizwi popote.

Kuna kipimo kingine, cha David Dinges na John Powell cha mwaka 1985, ambacho kilikusudiwa hasa kwa watu waliokosa usingizi: mtu huangalia kidirisha kwa dakika 10, namba huanza kuhesabu baada ya kila sekunde 2 hadi 10, naye hubonyeza mara tu aionapo, akichelewa nusu sekunde au zaidi, huhesabiwa kuwa akili yake ilikatika kidogo. Faida yake ni kwamba mtu hupimwa mara nyingi na kulinganishwa na yeye mwenyewe alipokuwa amelala vizuri, badala ya kulinganishwa na jirani yake. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi inayohitaji jicho na mkono kwenda pamoja vibaya kama mtu mwenye pombe asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho nchi nyingi haziruhusu kukivuka kwenye usukani. Mlinzi aliyeamka saa kumi na moja alfajiri kwa swala, akashindwa kulala mchana kwa sababu nyumba za Ngamiani zina watoto na mabati yana joto, hutimiza saa 17 hizo saa nne usiku. Zamu yake bado ina saa nane mbele.

5. Hofu ya alama imeharibu taarifa zenyewe.

Tangu wenzetu waondolewe, walinzi wa kamera wanapiga redio kwa kila paka na kila mfuko wa nailoni unaopeperushwa, ili wasije wakaambiwa walikosa kitu. Walinzi wa doria wamechoka na sasa hawaendi mbio tena wanapoitwa. Anayepima umakini kwa haki huhesabu mambo mawili, aliyoyaona mtu kweli na aliyoyadai bila kuwapo, kwa sababu mtu anayelia mwizi kila dakika hatakosa mwizi hata mmoja na bado hafai kitu. Ninyi hamhesabu hata moja kati ya hayo mawili ndani ya zamu.

Ili nisiwe mtu wa kulalamika tu, nilijaribu kupima kwa njia yangu, nikimshirikisha mwenzangu wa doria. Kwa siku nne, kila usiku, alipiga tochi kwa sekunde tatu mbele ya kamera yoyote aliyoichagua, wakati wowote alioutaka, mara kumi na mbili, akiandika dakika kwenye karatasi yake, nami nikaandika kwenye daftari langu kila nilipoiona. Asubuhi tuliyalinganisha maandishi yetu kwenye benchi la getini. Kabla ya saa nne usiku sikukosa hata mara moja. Kati ya saa nane na saa kumi na moja alfajiri, kila usiku nilikosa mbili au tatu, na katika daftari langu hakuna alama yoyote inayoonyesha kwamba nilijua nimekosa. Usiku wa tano tulibadilishana kiti na doria kila nusu saa, na yule aliyekuwa nje ndiye aliyepiga tochi. Kwa pamoja tulikosa moja. Najua kwamba haya ni matokeo ya watu wawili kwa siku tano, wala siyaiti utafiti. Lakini yanaelekea kulekule alikoelekea Mackworth, ambaye watu wake walipopishana kila nusu saa hawakushuka kama wale waliokaa saa mbili mfululizo, na walioambiwa papo hapo kwamba wamepata au wamekosa walidumu vizuri zaidi.

Nayajua majibu yatakayotolewa. La kwanza ni gharama, nami nasema kwamba kupishana kila nusu saa hakuhitaji kuajiri mtu hata mmoja, kwa sababu mlinzi wa kamera na mlinzi wa doria wote wako yadini tayari na wote wamefundishwa kazi zote mbili. La pili ni kwamba programu imenunuliwa kutoka nje na ni ya kisayansi. Mizani ya dhahabu nayo ni ya kisayansi, ila haipimi magunia. La tatu, ambalo nalipa uzito zaidi, ni kwamba mteja anataka namba ya kuonyesha kwamba walinzi wake wako makini, na bila namba zabuni inaweza kwenda kwa mwingine. Ni kweli mteja ana haki ya namba. Basi apewe namba iliyotoka ndani ya zamu, inayosema kwamba kati ya majaribio mia ya tochi yaliyofanywa usiku wa manane mwezi huu walinzi waliona kiasi gani. Mwenye mali akiambiwa ukweli huo ataelewa kwa nini tunaomba kupishana, na huenda yeye mwenyewe akaudai.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo.

Kwanza, alama ya kishikwambi isitumike tena kumwondoa mtu kazini wala kumkata posho, na wenzetu watatu, akiwamo mzee wetu, warudishwe chumbani na walipwe posho walizokatwa.

Pili, walinzi wapishane kati ya chumba na doria kila nusu saa kuanzia saa nne usiku, kwa majaribio ya miezi mitatu, na matokeo yabandikwe mahali tunapoweza kuyasoma.

Tatu, umakini upimwe ndani ya kazi yenyewe, kwa majaribio ya kushtukiza yaliyotawanywa zamu nzima, zikihesabiwa ishara zilizoonekana, zilizokosekana na zilizodaiwa bila kuwapo. Matokeo ya mtu aonyeshwe yeye mwenyewe kwanza, yatumike kurekebisha ratiba, na yasisambazwe kwenye kundi la simu la wasimamizi kama inavyofanyika sasa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu walinzi pia.

Nne, tupewe mapumziko ambayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inayataja, yaani dakika 60 kwa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo. Kwa sasa tunakula muhogo na chai ya rangi huku macho yako kwenye kioo, na muda huo unaandikwa kuwa wa mapumziko.

Tano, taa ya uzio wa nyuma ihamishwe mbali na kamera ili nondo wapungue, na matawi ya mkungu yakatwe. Hili nimeliomba tangu mwaka jana, na fundi mmoja mwenye ngazi angelimaliza kabla ya adhuhuri.

Tunaomba majibu ya maandishi ndani ya siku kumi na nne tangu barua hii itoke. Yakikosekana, tutapeleka shauri letu kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na suala la saa za kazi tutalifikisha kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Tungependa zaidi kumaliza nanyi mezani.

Kabla ya kuamua, naomba mmoja wenu aje akae nami usiku mmoja, kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja alfajiri. Kiti cha pili kipo, na mwenzangu wa doria atakuwa nje na tochi yake na karatasi. Mheshimiwa atapewa daftari na kalamu, aandike kila aionapo, na asubuhi tutalinganisha pamoja kwenye benchi la getini, ambako mzee wetu ndiye anayefungua lango siku hizi.

Wenu katika kazi,

Mlinzi wa chumba cha kamera, zamu ya usiku,
kwa niaba ya walinzi saba waliotia saini barua ya mwezi wa sita,
Tanga.